Chumvi kwenye ndoo ya viazi: kwa nini chipsi zinalegea kabla ya kufika kwenye mafuta

*Swali:* "Shikamoo mwalimu. Nauza chipsi karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Ili asubuhi nisichelewe, huwa namenya na kukata viazi usiku, naviloweka kwenye ndoo ya lita 20, nusu viazi nusu maji. Juzi mwenzangu akaniambia nitie chumvi, visibadilike rangi na ladha ikolee mpaka ndani. Nikatia pakiti nzima ya nusu kilo. Kweli havikuwa vyeusi, lakini vimelegea kama kamba, unakunja kipande mpaka ncha zinakutana na hakikatiki. Vya jirani yangu vililala kwenye maji matupu, na vyenyewe ni vigumu, ukikunja vinavunjika tap! Mimi nilijua maji ndiyo yanayolainisha. Kijana wangu wa kidato cha pili anasema hiyo ni osmosisi, nikimwambia anieleze anakwama. Je, viazi vimeharibika? Chumvi imeingia ndani? Na nitie kiasi gani?"

*Jibu:* Marahaba, mama. Kijana wako amesema kweli, na usimlaumu kwa kukwama. Nimefundisha biolojia hapa Moshi miaka mingi, na hilo ni neno ambalo wanafunzi hulikariri mapema na kulielewa kwa kuchelewa, kwa sababu wengi wanakutana nalo ubaoni kabla hawajaligusa. Wewe umeligusa. Kwa hiyo tuanze na ndoo yako.

Kiazi ulichomenya na kukata bado kiko hai. Naomba ulishike hilo, maana majibu yote matatu yanatoka hapo. Kimechimbwa labda kule West Kilimanjaro, kimesafiri kwenye gunia, kimekaa sokoni, umekivua ganda na kukipasua, na bado kinapumua. Seli ambazo kisu kimezipitia zimekufa, na unga mweupe unaouona umetuama chini ya ndoo ni wanga uliomwagika kutoka kwenye seli hizo. Lakini zilizobaki ndani ya kila kipande ni nyingi mno, na kila moja inaendelea kujilinda.

Seli za kiazi ni ndogo, kati ya 5 na 10 zinaenea kwenye milimita moja. Kila moja ifikirie kama gurudumu la baiskeli. Nje kuna tairi, yaani ukuta mgumu wa selulosi, ambao maji na chumvi hupita bila shida. Ndani ya tairi kuna tyubu, utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na huo ndio wenye kuchagua: maji unayaruhusu, chumvi na sukari unazizuia. Ndani ya tyubu, mahali pa upepo, kuna maji. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 yake ni maji, kwa hiyo kwenye kilo 10 za viazi unabeba takriban lita 8 za maji. Maji hayo si matupu. Yameyeyusha potasiamu, sukari kidogo na asidi za aina kadhaa.

Sasa twende kwa jirani yako. Kipande chake kimezungukwa na maji ambayo hayana karibu kitu. Maji huvuka utando huo pande zote mbili bila kupumzika, ila upande uliojaa vitu vilivyoyeyuka, maji yaliyo huru kuvuka ni machache. Ndiyo maana yanayoingia huwa mengi kuliko yanayotoka. Huko kuvuka kwa maji kupitia utando, kutoka kwenye mchanganyiko hafifu kuelekea mkali, ndiko anakokuita kijana wako osmosisi. Tyubu inajaa, inaisukuma tairi, na tairi inaisukuma tyubu. Msukumo wa ndani ya seli ya kiazi iliyoshiba maji unaweza kufika takriban mara 7 ya ule wa hewa inayotuzunguka, kama mara tatu ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Mamilioni ya seli zikisukumana hivyo ndani ya kipande kimoja, hakiwezi kukunjika. Kinavunjika, na ule mlio uliousikia ni wa seli kupasuka.

Wazo lako kwamba maji hulainisha lina msingi kwa mkate, kwa ngozi na kwa karatasi. Vitu hivyo vimekufa, havina utando wa kuzuia wala kuchagua. Ukitaka kuona maji yakikaza kitu, mwangalie mama anayeuza mchicha hapo hapo sokoni. Jua likipanda ananyunyizia mafungu yake maji, na majani yaliyokuwa yameanza kulala yanasimama tena. Anafanya kile kile alichofanya jirani yako.

Kwenye ndoo yako mambo yalikwenda kinyume. Nusu kilo ya chumvi kwenye lita 10 za maji ni gramu 50 kwa kila lita. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo viazi vyako vililala kwenye maji makali kuliko ya Bahari ya Hindi. Nje kukawa kukali kuliko ndani, maji yakaanza kutoka. Kwanza upepo wa gurudumu ulipungua, kipande kikawa laini. Kadiri usiku ulivyokwenda tyubu yenyewe ikasinyaa mpaka ikaachana na tairi, na nafasi iliyobaki kati yao ikajaa maji ya chumvi. Ungekiweka kipande hicho chini ya hadubini ungeiona wazi, kila ukuta umebaki mahali pake na ndani yake kuna kifuko kilichonywea. Mholanzi Hugo de Vries aliitazama hali hiyo kwenye seli za majani katika miaka ya 1880, akaitumia kulinganisha nguvu za chumvi na sukari mbalimbali. Hesabu za aina hiyo zilimsaidia Mholanzi mwenzake, van 't Hoff, aliyekuja kupewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya kemia mwaka 1901, kwa sehemu kwa kazi yake juu ya msukumo huu wa osmosisi. Navitaja kwa ajili ya kijana wako, ajue kwamba ndoo ya mama yake ina ukoo mrefu.

Huenda ulitazama ndoo asubuhi ukaona maji hayajapanda, ukajiuliza hayo maji yaliyotoka yako wapi. Yapo. Kipande kilipungua unene na maji ya nje yakaongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo usawa wa ndoo haukubadilika. Mizani ingekuambia ukweli. Ungepima kilo za viazi usiku, ukachuja na kupima tena asubuhi, ungekuta zimepungua, na wewe unauza kwa sahani.

Kati ya ndoo yako na ya jirani kuna mahali pa katikati ambapo kiazi hakipokei wala hakitoi, maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Kwa viazi vingi ni kati ya gramu 7 na 10 za chumvi kwa lita, kutegemea aina ya kiazi na muda kiliokaa tangu kichimbwe. Kwa kipimo cha jikoni ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai, cha kusawazisha, kwa kila lita. Namba hii hunivutia kila mara, kwa sababu dripu ya chumvi wanayotundikiwa wagonjwa KCMC na hospitali nyingine ina gramu 9 kwa lita. Hiyo ndiyo mizani ya seli zetu za damu, na kiazi kiko karibu nayo sana. Tofauti ni kwamba seli nyekundu ya damu ni tyubu isiyo na tairi. Ikiwekwa kwenye maji matupu hujaa mpaka inapasuka, na ndiyo sababu mgonjwa hawekewi maji matupu kwenye mshipa. Kiazi kina ukuta, kikifika mwisho wa kushiba kinakaza tu na kutulia.

Pengine utasema: mbona sukari haina ukali huo? Inao, ila unahitaji nyingi. Chumvi ikiyeyuka, kila kipande chake hugawanyika viwili, sodiamu upande mmoja na kloridi upande mwingine, na vipande vyenyewe ni vidogo sana. Sukari haigawanyiki, na molekuli yake ni nzito. Ili upate mvuto wa gramu 1 ya chumvi unahitaji gramu 11 au 12 za sukari. Ndiyo maana kosa dogo la chumvi huonekana haraka.

Tuje kwenye swali lako la chumvi kuingia ndani, maana hapa mwenzako alikosea kwa namna ambayo wapishi wengi hukosea. Kwenye kiazi kibichi chumvi inaingia kidogo sana. Inakaa juu, inapenya kwenye vijia vya katikati ya seli na ndani ya kuta, lakini utando unaikatalia. Maji yenyewe yana milango yake maalumu kwenye utando, vijitundu vya protini ambavyo chumvi haipiti. Mmarekani Peter Agre alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuvigundua. Kwa hiyo ulipotaka kuingiza ladha, kiazi kilifunga mlango wa chumvi na kupoteza maji yake. Ni kweli kwamba ndani ya maji makali kiasi kile, usiku kucha, baadhi ya seli huchoka na kufa, utando unatoboka, na hapo chumvi inapita. Lakini kufika hapo umeshapoteza kiazi.

Moto ndio unaofungua. Kiazi kikipata joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, utando unaharibika, wanga unavimba, na tangu hapo chumvi inatembea ndani yake kama inavyotembea kwenye sifongo. Ndiyo maana viazi vya kuchemsha hukolea hadi kiini ukitia chumvi kwenye maji yanayochemka, na chipsi hukolea ukizinyunyizia mara tu zinapotoka kwenye karai, zikiwa bado zinang'aa mafuta. Chumvi ingoje moto, mama. Kabla ya hapo unaipigania bure.

Hapa kuna jambo jingine ambalo utakuwa umelisikia uchagani kwenye kila shughuli: supu au mtori ukizidi chumvi, tumbukiza kiazi kilichomenywa, kitainyonya. Watu wanaoniambia hivyo nawaheshimu, lakini hesabu haikubali. Chukua supu ya lita 2 na kiazi cha gramu 200. Kiazi hicho kina maji ya gramu 160 hivi. Kikishaiva chumvi itaingia mpaka ukali wa ndani ulingane na wa nje, basi, haiendelei kuvutwa. Supu itakuwa imepungua ukali kwa asilimia 7 hivi, sawa na kuongeza kikombe kidogo cha maji. Ukiongeza maji na ndizi chache utapata zaidi, na hutalazimika kumpa mtu kile kiazi cha chumvi.

Sasa weusi. Huo hauhusiani na osmosisi. Kisu kinapopasua seli, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kilichokuwa kimetengwa kinakutana na vitu fulani vya ndani ya kiazi pamoja na hewa, na vinatengeneza rangi, kwanza ya waridi, halafu kahawia, halafu kijivu kinachokaribia weusi. Kinachohitajika hapo ni oksijeni. Ukikizamisha kiazi chote ndani ya maji matupu umeizuia hewa kwa sehemu kubwa, na hilo ndilo lililookoa viazi vya jirani yako bila hata chembe ya chumvi. Vya kwako pia viliokolewa zaidi na maji kuliko chumvi. Vinavyoharibika rangi ndani ya ndoo ni vile vya juu vinavyotoa kichwa nje ya maji, kwa hiyo weka sahani juu yake ivizamishe. Ukiona bado vinabadilika, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila lita, au kamulia ndimu. Kimeng'enya hicho hakipendi uchachu.

Jibu langu la "nitie kiasi gani" ni usitie. Kama umeshazoea na hutaki kuacha, usivuke kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita, ambayo kwa lita zako 10 ni chini ya moja ya tano ya ile pakiti. Hapo viazi havitalegea, lakini pia sioni utakachopata.

Lakini nikuonye kuhusu usiku wenyewe kuliko chumvi. Moshi si Arusha. Kule juu kwenye baridi ndoo huchelewa kuchacha. Hapa kwetu joto la usiku wa Januari au Februari linatosha kuanza kuchachusha wanga uliomwagika kwenye maji. Ukikuta povu, utelezi au harufu ya uchachu, hivyo si vya kuuza. Kama una friji, ndoo ilale humo. Kama huna, menya usiku ukitaka lakini acha viazi vikiwa vizima ndani ya maji, ukate alfajiri, usuuze mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe kidogo tu, halafu loweka kwa saa moja au mbili kwenye maji mapya. Kusuuza huko kunaondoa wanga wa juu unaofanya chipsi zigandane, na sukari ya juu inayozifanya ziwe nyeusi kwenye mafuta kabla ndani hakujaiva. Kisha zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi. Maji yanayoning'inia juu ya kipande ndiyo yanayorusha mafuta mkononi mwako.

Wapo wapishi wanaopunguza maji ya kiazi kidogo kwa makusudi kabla ya kukaanga, kwa kupepeza au kuanika kwa muda mfupi, ili kisinyonye mafuta mengi. Hilo lina maana. Kiazi kikiingia kwenye karai, maji yake yanageuka mvuke na kutoka, na mafuta yanachukua sehemu ya nafasi yake. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kipande kilichopungua maji kidogo kwa juu na kipande ambacho seli zake zote zimenywea usiku mzima. Hicho cha pili kinatoka chembamba, kigumu kutafuna, na chumvi yake iko juu juu tu, mteja anaisikia kwenye ulimi kabla hajaonja kiazi.

Kwa kijana wako, mpe viazi viwili Jumamosi, na usimsaidie. Akate vipande vinne vya sentimita 5 kila kimoja, unene sawa. Kimoja akiweke kwenye glasi ya maji matupu, cha pili kwenye maji yenye kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita, cha tatu kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chakula kwa lita. Cha nne akichemshe dakika 5 kwanza, kikipoa akitumbukize kwenye glasi ya tatu pamoja na mwenzake. Baada ya saa moja au mbili akunje kila kimoja kwa vidole, na asubuhi apime kwa rula. Cha kwanza kitakuwa kimerefuka milimita chache na kukaza, cha pili karibu vile vile, cha tatu kimefupika na kulegea. Kile cha nne akiangalie kwa makini zaidi kuliko vyote. Kimelala kwenye maji yale yale makali na hakikunywea kama mwenzake, kwa sababu moto ulishaua utando na hakuna tena wa kuizuia chumvi. Akionja kipande kidogo cha kila kimoja kati ya hivyo viwili ataelewa kilichomshinda kukueleza. Glasi ziwe safi, kabla sijasahau.

Akimaliza, mwulize kwa nini mbolea ya CAN, ambayo nayo ni chumvi ya aina yake, ikimwagwa karibu mno na shina la mche kihambani majani yanaungua wakati udongo una unyevu. Akiunganisha hilo na glasi ya tatu, amelipata neno lake.

Limebaki swali lako la kwanza, viazi vimeharibika au la. Vilivyolegea kwa saa chache hurudi. Visuuze, vitie kwenye maji matupu ya baridi, usubiri saa moja au mbili, maji yataingia na vitakaza tena, maana tyubu ni nzima, ilinywea tu. Vilivyolala usiku kucha kwenye gramu 50 kwa lita, jaribu na vichache kwanza. Vikikaza, kaanga bila kuongeza chumvi mpaka uonje. Visipokaza baada ya saa mbili, seli zake zimekufa na hazitaamka. Kama havina harufu mbaya, visuuze tena, vichemshe kwenye maji yasiyo na chumvi, vipondwe viwe katlesi za jioni.